Mkono wa Kulia, Sikio la Kushoto

Alhamisi, 3 Novemba 1955. Goweko.

Leo nimepata kazi. Bado sijapewa, lakini nimeipata.

Asubuhi tuliitwa barazani kwa mwanangwa Lugembe, mkubwa wa kijiji chetu. Wanaume tu. Wanawake walikuwa mashambani wanachoma takataka kungoja mvua. Alikuja karani kutoka Tabora, Nikolaus, kijana wa viatu vinavyong'aa, akatusomea barua. Serikali imeamua kusaidia malezi ya watoto wadogo ili mama zao walime kwa amani. Kijiji kimoja tu kando ya reli kitapewa mabati ya paa, mikeka, maziwa ya unga na mshahara wa mlezi mmoja. Ama sisi, ama Tura. Masharti: watoto thelathini wasiofikia umri wa shule, choo cha shimo, na mlezi ambaye watoto wanamjua. Bibi Maendeleo mwenyewe, mkubwa wa idara ya maendeleo, atakuja na gari moshi Jumanne ya tarehe 15 kukagua.

Mshahara wa kukaa kivulini! Karani hajakunja barua, mimi nimeshasimama. Nikasema mlezi ndiye huyu. Wakacheka. Nikawakumbusha kwamba babu yangu alikuwa kirangozi wa misafara, aliongoza mizigo mia tatu kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo na haukupotea hata mmoja. Lugembe akasema mizigo haikojoi. Halafu akasema atakayemwonyesha watoto thelathini siku hiyo ndiye atakayemtaja kwa Bibi.

Niandike na ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Si mshahara peke yake. Msimu uliopita mke wangu Apolinaria alikwenda kupanda karanga akaniachia binti yetu Eustadia, wakati huo ana miaka mitatu. Nikalala. Kidogo tu. Mtoto akatoka, akafuata reli, akaokotwa na vibarua wa reli karibu na tangi la maji. Alikuwa amekaa katikati ya njia anapanga kokoto. Bahati gari la mizigo lilikuwa halijatoka Tura. Tangu siku ile Apolinaria analima shingo imegeukia nyumbani.

Leo jioni amefunga nguo zake na za mtoto ndani ya kanga, akaweka bunda juu ya sanduku. Hakufoka. Alisema, "Baba Eustadia, mvua ya kwanza ikimkuta mtoto hana pa kukaa, nakwenda naye Sikonge kwa kaka yangu. Wewe utabaki na reli yako."

Nimetoka nje kuangalia mbingu. Hakuna hata wingu la kufunika sahani. Afadhali.

Ijumaa, 4 Novemba

Nina mpinzani. Ni Pelagia, mjane wa nyuma ya kanisa. Chini ya upenu wake kuna watoto kumi na wanane kila siku ya Mungu. Hakuna aliyemtuma. Kina mama wanawaacha alfajiri na kuwachukua alasiri, wanamwachia konzi ya karanga au hawamwachii kitu. Lakini ni kiangazi tu. Mvua zikianza, upenu unavuja kama chujio, na yeye mwenyewe anashika jembe, kwa sababu mjane asipolima hakuna wa kumlisha. Ndiyo maana Apolinaria hawezi kumtegemea.

Nimekwenda kwa heshima zote. Shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye ungo. Nikamweleza mpango: tarehe 15 aniazime watoto wake kumi na wanane, mimi niwe mlezi, yeye nitamfanya msaidizi wangu. Akaniuliza kama namjua jina mtoto aliyekuwa anavuta suruali yangu. Nikakisia Alois. Alikuwa msichana.

Nimeondoka na hadhi yangu yote, isipokuwa kifungo kimoja ambacho yule msichana amekimeza au amekificha. Nitakusanya thelathini wangu mwenyewe.

Jumamosi, 5 Novemba

Nimepita nyumba ishirini na tatu. Nimepata watoto wawili, na mmoja ni wangu.

Sababu ni kodi. Watu wamesikia watoto watahesabiwa, na hapa Goweko kitu kikihesabiwa kesho yake kinalipiwa. Masolwa, mwenye watoto saba, aliniambia kwa uso mkavu kwamba Mungu hajamjalia mtoto hata mmoja. Wakati anasema hayo kihenge chake cha mtama kilikuwa kinapiga chafya. Nikagonga kihenge. Kikanyamaza.

Mwingine akaniuliza tangu lini mwanamume akalea. Nikamjibu babu yangu alilea mizigo mia tatu. Akafunga mlango.

Jua kali mno. Mbingu nyeupe. Namshukuru Mungu kwa ukame, na ninajua ni dhambi.

Jumapili, 6 Novemba

Akili ni mali. Baada ya misa nimempelekea Bwana Rasiklal, Mhindi mwenye duka la stesheni, kopo langu la asali, naye akanipa sukari guru. Mkewe Bachubai aliniuliza ya nini yote hiyo. Nikamwambia ni vifaa vya elimu. Nikavipanga vipande nyuma ya nyumba, upande wa upepo unaokwenda kwa Pelagia.

Wakaja! Kumi, kumi na watano, ishirini na wawili. Kwa muda wa kusali fungu moja la rozari mimi nilikuwa mlezi mkubwa kuliko wote kati ya Tura na Tabora. Walikaa kwa utaratibu, wanalamba, hawasemi. Nikasimama mbele yao mikono nyuma.

Kisha nyuki. Nani asiyejua kwamba mwezi huu miombo imekauka na nyuki wana njaa? Mimi nilijua. Nilisahau tu. Watoto wa Unyamwezi hawafundishwi nyuki: wote walilala kifudifudi papo hapo, kimya, nyuso mavumbini. Aliyekimbia ni mlezi.

Hakuumwa hata mtoto mmoja. Nilipowaona wanainuka mmoja mmoja, wazima, nilikaa chini nikacheka peke yangu, japo midomo ilikuwa imevimba na kicheko kilitokea upande mmoja. Pelagia alikuja mwenyewe. Alinitoa miiba kwa ukucha, akaihesabu kwa sauti, na watoto wakamfuatisha mpaka kumi na nne. Wamejifunza kuhesabu usoni mwangu. Halafu wakaondoka naye, wote ishirini na wawili, na wangu akiwemo.

Jumanne, 8 Novemba

Jicho la kushoto limeanza kuona. Na limeona jambo kubwa.

Nikolaus karani amepita stesheni akitokea Tura. Nilimchukulia begi hatua kumi na tano ili nipate nafasi ya kumhoji. Tura wameshapata ishirini na saba, na choo chao kina mlango. Nikamuuliza tena: mtajuaje umri wa mtoto, na hapa hakuna mwenye cheti? Mmoja kazaliwa mwaka wa nzige, mwingine mwaka gari la mizigo lilipoanguka.

Nikolaus akainua mkono wa kulia, akaupitisha juu ya kichwa, akashika sikio la kushoto. Anayefika ni wa shule. Asiyefika ni mdogo, huyo ndiye wetu. Ni kipimo kilekile cha shule ya misheni, ila safari hii wanatafutwa wanaoshindwa.

Nilisimama kwenye jukwaa la stesheni mpaka gari moshi likapotea. Goweko hatuna watoto wadogo wa kuazima, lakini wakubwa tunao tele. Mtoto mkubwa anafika sikioni kwa sababu anataka kufika. Akifundishwa kutotaka, amekuwa mdogo!

Nimekula vizuri kwa mara ya kwanza tangu nyuki.

Alhamisi, 10 Novemba

Mazoezi nyuma ya zizi la mbuzi. Wanafunzi kumi na wanne, miaka minane mpaka kumi. Baba zao nimewaambia kwa kifupi tu kwamba Jumanne watoto watapimwa sikio, basi. Sikio halina kodi. Hata Masolwa amekubali, na Mungu amemjalia ghafla watoto saba. Mkubwa wao, Marko, mchunga mbuzi, ndiye hodari wa wote. Bega chini, kiwiko ndani, uso wa kuonewa. Anashindwa vizuri mpaka unamhurumia.

Jambo moja la ajabu. Nikirudi nyumbani nilipita kwa watu wanne, na kote kina mama walikuwa wanawapaka watoto wadogo mafuta ya karanga mkono wa kulia na kuwanyoosha. Nyumba ya nne bibi alishika kifundo, mama alishika kwapa, mtoto analia katikati. Nadhani kuna baridi yabisi. Nimekuta hata Apolinaria anamvuta Eustadia mkono. Nikauliza. Akasema mtoto lazima anyooshwe, muda umebaki mchache. Siingilii dawa za wanawake.

Jumamosi, 12 Novemba

Siku ya choo. Ardhi ya Goweko mwezi wa Novemba ni jiwe. Nimechimba mpaka kina cha sufuria, jembe likalia kama kengele, nikaacha. Nimefikiri. Mkaguzi hukagua nini kwenye choo? Ua. Nani anachungulia shimoni? Nimejenga ua mzuri wa nyasi mpya, wa kuzunguka, mlango umejipinda kama kona ya nyumba ya mtemi. Ndani nimefagia. Lugembe alipita akausifu.

Saa tisa wingu jeusi lilisimama upande wa Tura. Nikalitazama, nalo likanitazama. Apolinaria alitoka mlangoni, akaliangalia, akarudi ndani, nikasikia anakaza fundo la bunda. Kisha upepo ukalisukuma lile wingu kusini. Nyeshea wengine, wingu, wengine wanakuhitaji.

Jumatatu, 14 Novemba

Kesho.

Pelagia amesema atawaleta kumi na wanane wake barazani. Amesisitiza ni kwa ajili ya paa, si kwa ajili yangu. Sawa. Kumi na wanane wake na kumi na wanne wangu ni thelathini na wawili. Tura kwaheri!

Tangu mchana wanaingia wanawake kutoka mashamba ya mbali, watoto mgongoni, vichupa vya mafuta mkononi. Nikamuuliza mmoja amefuata nini. Akasema amefuata sikio. Nikamkaribisha. Wakizidi si vibaya.

Radi imepiga mara mbili. Apolinaria hasemi nami, lakini amenifulia shati.

Jumanne, 15 Novemba

Nitaandika kwa mpangilio, kama mwanamume.

Bibi Maendeleo ameshuka saa nne. Mama mrefu, kofia ya majani, Kiswahili cha vitabuni kisichokosea hata nukta. Nikolaus nyuma na daftari. Nilikuwa nimewapanga watoto mstari mmoja kama msafara wa babu, wakubwa wangu mbele, wadogo nyuma, mama zao pembeni wamevaa nguo za Jumapili. Bibi akasema ni watu wengi kuliko alivyotarajia. Nikainama.

Nikolaus akaanza. Marko wa kwanza. Mkono ukapanda, ukafika utosini, ukakwama. Uso wa kuonewa. Nikolaus akamtazama miguu kwa muda, akaandika: mdogo. Wa pili, mdogo. Wa tatu, mdogo. Nilikuwa nimeshaanza kuchagua mahali pa kuweka kiti changu.

Hapo mama mmoja wa kutoka mbali akashindwa kuvumilia. Akamsukuma mwanawe mbele, kitoto cha miaka minne hivi, mkono unang'aa mafuta. Kikalaza kichwa begani, kikajinyoosha, kikanasa sikio. Vigelegele! Akaja mwingine, akanasa. Vigelegele tena. Mpaka nilipomwona bibi wa nyumba ya nne anamhimiza mjukuu wake avute, avute, ndipo nilipoelewa. Wao walisikia sikio. Na kwa mama wa Goweko sikio ni jambo moja tu: ni mtoto wako kurudishwa mlangoni mwa shule mwaka hadi mwaka kwa sababu hafiki. Wiki nzima waliwanyoosha wafike. Mimi nilikuwa nafundisha kushindwa huku, wao wanafundisha kushinda kule.

Hata hivyo nilikuwa nao wakubwa. Lakini mama yake Marko akauliza mbele za watu amlishe nini huyu, maana vitoto vya jana vinamshinda. Hilo Marko hakuliweza. Alirudi mbele, akaomba apimwe upya, akashika sikio na shingo pamoja. Wenzake kumi na watatu wakamfuata, kila mmoja kwa mbwembwe kuliko aliyetangulia.

Wadogo waliobaki nao wakanasa. Mwisho Eustadia wangu. Alianguka, akainuka, akalaza kichwa, akalipata, akakataa kuliachia. Apolinaria alitokwa na machozi ya furaha. Sikuweza kumtazama.

Bibi Maendeleo akasoma daftari. Akasema kwa upole kwamba kwa kipimo hiki Goweko haina mtoto mdogo hata mmoja. Inahitaji shule, naye ataandika kuombea shule. Msaada wa malezi utakwenda Tura. Wanawake waliposikia neno shule wakapiga vigelegele vipya. Ikabidi Lugembe awaeleze, sentensi kwa sentensi. Kelele ikafa kidogo kidogo, mpaka wakabaki wanatazama mikono yao ya mafuta.

Apolinaria alitazama mbingu, nyeusi sasa toka Tura mpaka juu ya vichwa vyetu, akashika njia ya nyumbani. Nilijua anafuata bunda.

Bibi akaomba kuonyeshwa choo. Akaingia mlango uliojipinda, akatoka. Akauliza shimo liko wapi. Nikasema liko njiani. Nikolaus akaliandika na hilo.

Niliporudi barazani mstari haukuwepo. Wakubwa walikuwa wanacheza mpira wa matambara. Wadogo, hakuna. Apolinaria akatokea na bunda kichwani akaniuliza mtoto yuko wapi. Upande wa Tura gari moshi la kurudi Tabora lilikuwa limeshapiga filimbi.

Nilikimbia relini. Sikumbuki kuvuka uwanja. Nilikimbia juu ya mataruma nikimwita, nikaanguka, goti likapasuka, nikakimbia tena. Nyuma yangu Apolinaria amelitupa bunda, anakimbia. Nilifika tangi la maji. Kokoto tu. Nikaahidi mambo mengi mbele za Mungu pale. Siyaandiki, nisije nikadaiwa.

Ndipo tuliposikia Lugembe anatuita kutoka nyuma ya kanisa, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeita akiwa ndani ya nyumba ya mgonjwa.

Walikuwa kwa Pelagia. Wote. Kumbe kila siku saa sita Pelagia hugonga mchi mara tatu kwenye kinu kitupu, na watoto hunawa na kulala. Leo aliona jua limefika, akaenda zake kugonga. Wa kwake wakaenda, wa watu wakawafuata wa kwake. Wamelala upenuni wamebanana, wengine mdomo wazi, wengine kidole mdomoni. Eustadia alikuwa wa tatu kutoka ukutani, amelala usingizi mzito, mkono bado umepita juu ya kichwa, vidole bado vimeshika sikio.

Nilikaa kwenye majivu ya jiko la Pelagia nikalia mbele ya serikali. Apolinaria alikaa karibu yangu, akashika kisigino cha mtoto, hakukiachia. Sijawahi kufarijika namna ile, na sitaki tena kufarijika namna ile.

Bibi Maendeleo alikuwa amefuata watu. Akaweka kidole midomoni, akahesabu waliolala. Thelathini na watatu. Akamgeukia karani akasema, "Nikolaus, futa ukurasa ule. Mtoto wa darasa la kwanza halali saa sita mchana na kidole mdomoni."

Nikolaus akaanza upya. Akakwama kwa mmoja, mtoto wa mwisho wa Rasiklal na Bachubai, aliyekuwa amelala kichwa juu ya tumbo la mtoto wa Masolwa. Akauliza huyu aandikwe wapi, maana fomu ni ya watoto wa kijiji. Pelagia akamwambia aandike kwamba amelala. Akaandika.

Kisha Bibi akamuuliza Pelagia mvua zikianza atafanyaje. Pelagia akamjibu, "Nitalima, mama. Nisipolima nitakula nini?"

"Hutalima," akasema Bibi. "Utakaa nao."

Pelagia aligeuka akaanza kupanga viatu vya watoto ambavyo havikuwepo, kwa sababu hakuna mwenye viatu. Nikajua analia.

Nilisimama, nikajipangusa majivu, nikamweleza Bibi kwamba aliyekusanya umati huu ni mimi. Bibi akasema amelitambua hilo. Akanipa kazi rasmi ya serikali, mbele ya Lugembe: kuchimba shimo la choo, urefu wa mtu aliyeinua mkono.

Jumatano, 16 Novemba

Mvua imeshuka alfajiri. Kubwa, ya upepo. Nililala namsikiliza Apolinaria. Akaamka, akaenda kwenye bunda lililookotwa relini, akalifungua. Akatoa kanga moja, akamfunika nayo Eustadia, akampeleka kwa Pelagia. Bwana Rasiklal amefunika upenu kwa turubai la duka mpaka mabati yafike. Amesema ni kwa sababu ya mvua. Bachubai amesema ni kwa sababu yeye ameamuru.

Apolinaria aliporudi alikuwa anaimba. Nilifurahi sana. Akaingia, akachukua majembe mawili, akanipa moja. Akasema sasa mtoto ana pa kukaa, hakuna wa kulindwa hapa nyumbani, twende.

Hili sikulipangia.

Nimelima mpaka saa sita, nimechimba shimo mpaka saa kumi. Ardhi imelainika, siwezi kulalamika. Mchi wa Pelagia ulipogonga mara tatu nilimwona Apolinaria ananyoosha mgongo, anasikiliza, anainama tena kulima. Shingo yake ilikuwa imenyooka. Hakutazama nyumbani hata mara moja.

Jumapili, 20 Novemba

Mabati yamefika na Nikolaus. Maziwa ya unga pia. Nimeonja, kwa niaba ya kijiji. Pelagia amepewa kiti. Shimo linanifika kifuani. Viganja vimetoka malengelenge, na Apolinaria anasema karanga za mwaka huu zitakuwa nyingi kuliko zote, maana tumekuwa wawili shambani. Ametamka hilo kwa furaha. Nimechoka mno.

Lakini nimefikiri sana ndani ya shimo, na kosa nimeliona. Halikuwa langu. Nilitumia watoto. Mtoto hana msimamo, akiona mwenzake anashangiliwa anaharibu kazi. Safari ijayo nitatumia watu wazima.

Na safari ijayo imeshafika! Nikolaus, wakati namshushia mabati, amenong'ona kwamba serikali inatafuta kijiji kimoja kando ya reli cha kuanzisha darasa la kisomo. Watu wazima arobaini wasiojua kusoma. Ama sisi, ama Tura. Masomo ni kila siku saa mbili mpaka saa tano asubuhi, ndani, kwenye benchi, kivulini. Saa za jembe zenyewe! Na msimamizi wa darasa atachaguliwa miongoni mwa wanafunzi.

Arobaini kamili hatuna, misheni imetuharibia wengi. Hilo si shida. Nimeshaanza kuwafundisha. Masolwa anajua sasa kushika gazeti juu chini na kutikisa kichwa kwa huzuni. Lugembe anasoma jina lake tu, nimemsihi alisahau. Anayebaki ni mimi, maana kila mtu anajua nilifika darasa la nne.

Nimeamua. Kuanzia kesho asubuhi mimi sijui kusoma wala kuandika. Nimeliandika hapa nisije nikasahau.